Kujifunza Mtandaoni kwa Kujitegemea: Jua Unalipia Nini

Mtu anayetaka kujifunza uhasibu, lugha ya kigeni au uandishi wa programu za kompyuta halazimiki tena kusubiri nafasi ya chuo. Akiwa na simu na kifurushi cha intaneti, anaweza kusoma masomo yaliyoandaliwa na vyuo vikuu mashuhuri duniani. Hata hivyo, penye neema hapakosi walanguzi. Wapo wanaouza kile ambacho wenye mali wamekitoa bure, na wapo wanaouza vyeti visivyomfungulia mnunuzi mlango wowote. Makala haya yanalenga kumwezesha mtumiaji kujua analipia nini kabla fedha haijamtoka mkononi.

Vitu vitatu visivyofanana

Matangazo mengi ya kozi huchanganya vitu vitatu: maarifa, cheti na utambuzi. Maarifa ni yale unayoyasoma na kuyaelewa. Cheti ni hati inayoonyesha kuwa umemaliza kozi fulani. Utambuzi ni uamuzi wa mamlaka ya nchi kwamba hati hiyo ina uzito katika udahili au ajira. Maarifa hupatikana bure mara nyingi, na cheti mara nyingi huuzwa. Utambuzi hauuzwi na mwenye kozi, kwa kuwa si wake. Anayekuahidi vyote vitatu kwa malipo ya mara moja anastahili kuulizwa maswali.

Maarifa yapatikanayo bila malipo

Mwaka 2001, chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza mpango wa OpenCourseWare wa kuweka mtandaoni masomo yake. Humo mna maelezo ya mihadhara, mazoezi na mitihani, na katika masomo kadhaa mna video. Msomaji hahitaji kujisajili, na hapewi cheti. Khan Academy, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, hufundisha hisabati na sayansi hatua kwa hatua, hivyo humfaa hata aliyeacha shule zamani. OpenLearn, huduma ya Open University ya Uingereza iliyoanza mwaka 2006, hutoa kozi fupi za bure, na nyingi kati ya hizo huambatana na hati ya ushiriki isiyolipiwa.

Kwa Kiswahili, Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na inafaa kama mahali pa kuanzia utafiti. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, hazina kubwa kwa mzazi na kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Vyanzo vingi vya nje ni vya Kiingereza. Ambaye Kiingereza chake si kizuri asikate tamaa: awashe maandishi ya chini ya video na apunguze kasi ya msemaji.

Mahali malipo yanapoanzia

Coursera na edX, zote zilizoanzishwa mwaka 2012, hukusanya kozi za vyuo na kampuni mbalimbali. Baadhi ya kozi huruhusu kusoma bure, lakini cheti hulipiwa. Coursera hupokea pia maombi ya msaada wa ada, na asiye na uwezo anashauriwa kuomba kabla ya kukopa. Tahadhari ni moja: huduma kadhaa za aina hii hutoa siku chache za majaribio ya bure baada ya kuchukua namba ya kadi ya benki. Siku hizo zikipita bila kusitisha, kadi hukatwa, tena kila mwezi. Andika tarehe ya mwisho ya majaribio siku ileile unapojisajili.

Gharama nyingine ni kifurushi. Saa moja ya video huweza kula mamia ya megabaiti, ilhali maandishi ya somo hilohilo hula kidogo sana. Punguza ubora wa picha, au pakua masomo mahali penye Wi-Fi. OpenCourseWare na programu ya simu ya Khan Academy huruhusu kupakua, na programu ya Kiwix humwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mtumiaji afanye mambo manne.

Kwanza, tafuta jina la kozi na la mwandaaji wake. Huenda kinachouzwa kwenye kundi la WhatsApp kinatolewa bure na mwenyewe.

Pili, uliza mamlaka, usimuulize muuzaji. Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vikuu vya nje, na NACTVET husimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Uliza kabla ya kuanza kusoma, kwa maana miaka iliyotumika haina marejesho.

Tatu, soma masharti ya kurudishiwa fedha. Kama hayapo, chukulia kwamba hakuna marejesho.

Nne, tazama jina linalojitokeza unapolipa. Taasisi inayotaka ada itumwe kwenye namba binafsi ya mtu, badala ya akaunti au lipa namba yenye jina lake, haijakupa sababu ya kuiamini.

Hatusemi kwamba cheti cha kozi fupi hakina thamani. Mwajiri anayetafuta ujuzi anaweza kukithamini, hasa kikiambatana na kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Tunachosema ni kwamba cheti hicho si shahada, na bei yake isilingane na ya shahada.

Ukiwa umetapeliwa

Hifadhi ujumbe, risiti na picha za tangazo. Wasiliana mara moja na mtandao wako wa simu au benki uombe muamala uzuiwe, kwa sababu kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kuipata fedha. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha toa taarifa polisi. Usione haya: tapeli hutegemea ukimya wa aliyemtangulia ili ampate anayefuata.

Kwa anayeanza leo, ushauri wetu ni huu: chagua somo moja, chanzo kimoja cha bure, na ujipe mwezi mmoja. Ukiumaliza mwezi huo ungali unasoma, ndipo ufikirie kulipia cheti.