Tope la Ziwa Chala latunza kumbukumbu za mvua za Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WAKAZI wa Moshi wanapozungumzia mabadiliko ya tabianchi, huinua macho kutazama kilele cha Kibo, ambako barafu inazidi kupungua. Hata hivyo, kumbukumbu ndefu zaidi za hali ya hewa ya Mlima Kilimanjaro haziko kileleni. Zimo chini ya mlima, katika tope la Ziwa Chala.

Barafu ya Kibo ilitobolewa mwaka 2000 na watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ambao walikadiria kuwa tabaka lake la chini lina umri wa miaka 11,700. Baadaye walibaini kuwa kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo la barafu lilikuwa limetoweka.

Ziwa Chala lipo mpakani mwa Wilaya ya Rombo na nchi ya Kenya, ndani ya kasoko ya volkano. Ukubwa wake ni takriban kilometa za mraba nne tu, lakini kina chake kinakaribia mita 90. Maji yake mengi hutoka ardhini, yakiwa ni mvua iliyonyesha kwenye misitu ya mlima na kupenya chini.

Katika maji hayo huishi dayatomu, viumbe vya jamii ya mwani visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja hujijengea gamba la silika, madini yanayotumika pia kutengeneza kioo. Kinapokufa, mwili huoza lakini gamba huzama na kubaki. Kwa kuwa chini kabisa ya ziwa hakuna oksijeni, hakuna minyoo wala wadudu wa kulivuruga tope, na matabaka hubaki kama yalivyotandikwa.

Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa ukavu na upepo wa kusi, maji ya ziwa huvurugwa na virutubisho vya chini hupanda juu. Dayatomu huzaliana kwa wingi, na vigamba vyao hutengeneza tabaka jeupe. Katika miezi ya joto na mvua ziwa hutulia, na kinachozama ni mabaki ya viumbe pamoja na chembechembe za chokaa, vinavyofanya tabaka jeusi. Matabaka hayo mawili kwa pamoja ni mwaka mmoja, na unene wake ni takriban milimita moja.

Ili kuyasoma, wataalamu hugandisha tope kwa gundi maalumu, hulikata vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, kisha huviweka chini ya hadubini. Hapo huhesabu miaka na kupima unene wa kila tabaka jeupe. Tabaka nene huashiria upepo mkali na ukame, hali inayoendana na miaka ya La Nina. Tabaka jembamba huashiria mvua nyingi, kama za El Nino.

Tope lililochimbwa mwaka 2003 na 2005, lenye urefu wa karibu mita 22, lilifichua historia ya miaka 25,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na timu ya Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, yalionyesha kuwa mvua za eneo hili zimekuwa zikipanda na kushuka kwa mizunguko ya takriban miaka 11,500, kufuatana na mabadiliko ya mwanga wa jua unaofika duniani.

Mwaka 2011, Christian Wolff na wenzake walilinganisha matabaka ya miaka 3,000 iliyopita na yale ya zama za barafu, kati ya miaka 21,000 na 18,500 iliyopita. Waligundua kuwa wakati wa baridi kali mvua hazikuyumba sana mwaka hadi mwaka. Kuyumba kuliongezeka dunia ilipopata joto.

Utafiti mwingine wa mwaka 2023, uliotumia kemikali zilizohifadhiwa katika tope la ziwa hilo, uliongeza onyo. Kwa kiwango cha joto cha zama hizi, ongezeko la joto hukausha ardhi kwa kasi kuliko linavyoleta mvua.

Kwa mkulima wa kahawa na migomba anayetegemea mfereji, na kwa mkazi wa mjini anayesubiri maji bombani, jambo hili si la maabara pekee. Anayepanga matumizi ya maji kwa kutazama wastani wa mvua pekee anaweza kupotoka, kwa sababu mwaka wa gharika unaweza kufuatwa na mwaka wa kiangazi. Kuhifadhi maji ya mwaka wa neema na kulinda misitu ya mlima ni mambo yasiyopaswa kusubiri.

Novemba 2016 watafiti walirudi ziwani na kuchimba zaidi ya mita 200 chini ya sakafu yake, wakafikia tope la takriban miaka 250,000. Barafu ya Kibo inayeyuka na kumbukumbu zake, ilhali vigamba vya Chala bado vipo, na kila kiangazi vinaongeza tabaka jingine.