Fahamu: Jinsi arosto inavyovuruga dozi za ARV wakati wa janga

Uviko-19 ilipoingia Kenya na Tanzania mwaka 2020, wagonjwa wengi wa VVU waliruhusiwa kuchukua ARV za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa aliyezoea heroini, nafuu hiyo haikutosha. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini inayotolewa Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, tangu 2011, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Usafiri ukikwama akaikosa, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, humrudisha mtu kijiweni na vidonge vya ARV husahaulika. Dozi zikirukwa, virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu.

Tena, efavirenzi, mojawapo ya ARV, hupunguza kiwango cha methadoni mwilini; dolutegraviri, ARV nyingine, haina tatizo hilo. Mweleze mhudumu wako kila unachotumia. Ukiteleza ukarudia unga, usiache ARV: rudi kliniki. Nasi tusiwanyanyapae wenye uraibu, aibu huwafukuza kwenye tiba.