Kabla ya Kumwogesha Mbwa kwa Dawa ya Kupe

Jumamosi ni siku ya kuogesha mifugo katika maboma mengi ya kaunti yetu. Ng'ombe hunyunyiziwa kwanza, kisha mbuzi, na dawa ikibaki kwenye ndoo mbwa huitwa. Humwagiwa iliyosalia, husuguliwa kwa mikono mitupu, halafu huachwa ajikaushe juani. Mara nyingi hapatokei lolote. Lakini zipo siku ambapo kufikia jioni mbwa huyo anatetemeka, anatokwa na mate na kushindwa kusimama, na mwenye boma anaanza kumshuku jirani kwamba amemlisha sumu. Kumbe sumu ilitoka kwenye ndoo yake mwenyewe.

Swali ambalo wenye mbwa huuliza ni kama dawa za kupe na viroboto ni salama. Nyingi ni salama kwa mnyama aliyekusudiwa na kwa kipimo kilichoandikwa. Hatari kubwa huja pale dawa ya mnyama mmoja inapotumiwa kwa mwingine, au kipimo kinapokisiwa kwa macho.

Hatusemi kupe waachwe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza maradhi yanayoleta homa kali, ufizi kupauka na hata damu kutoka puani, na mbwa wengi hufa kwayo. Viroboto nao hubeba mabuu ya minyoo bapa, na mtoto anayecheza na mbwa akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kuipata. Kuwaangamiza wadudu hawa ni lazima. Suala ni kwa njia gani.

Takriban dawa zote za kazi hii hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Mbwa naye ana mishipa ya fahamu, na mtoto anayemkumbatia pia anayo. Kinachomkinga mbwa ni kwamba mwili wake huweza kuvumilia kiasi kinachomuua kupe, bora kisizidishwe. Kwa dawa nyingine nafasi hiyo ni pana, kwa nyingine ni finyu.

Tuanze na dawa inayopatikana karibu kila duka la agroveti, yenye kemikali iitwayo amitrazi. Ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 40 katika pampu ya lita 20, kwa ajili ya ng'ombe. Ni kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mimi mwenyewe nililelewa katika boma ambako kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa, na hakuna aliyejua kifuniko kile kilibeba mililita ngapi. Mtu akitia vifuniko viwili katika ndoo nusu, huenda ameongeza ukali wa dawa mara kadhaa bila kujua.

Kwa ng'ombe wa kilo 300 kosa hilo laweza kupita. Kwa mbwa wa kilo 15 ni jambo jingine. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo kila kilo ya mwili wake hupokea dawa zaidi. Isitoshe, mbwa hujilamba manyoya yakiwa bado mabichi, na dawa huingia tumboni. Mbwa aliyezidishiwa amitrazi huonekana kama aliyelewa: husinzia, huyumba na kutapika, mwili hupoa, na mapigo ya moyo huenda polepole. Sukari ya damu hupanda pia, ndiyo maana mbwa mwenye kisukari hafai kuogeshwa kwayo. Watoto wa mbwa wenye umri wa chini ya miezi 3 au 4, kutegemea kibandiko, hawafai kabisa, wala mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha. Paka pia aepushwe nayo. Kibandiko hicho hicho hukataza isitumiwe kwa farasi kwa sababu hufunga matumbo yao, na wenye punda wakumbuke kwamba punda ni wa ukoo huo huo.

Kundi la pili ni lile la dawa kali zaidi kama diazinoni, klorpirifosi na klorfenvinfosi, pamoja na unga wa karbarili ambao wengi huupaka mbwa na kuunyunyizia hata kwenye malazi ya watoto. Hizi huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu baada ya kufanya kazi. Dalili za sumu yake ni mate na machozi kwa wingi, kuharisha, kukojoa ovyo, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kutetemeka, kisha kupumua kwa shida. Binadamu huathiriwa kwa njia ile ile. Anayemsugua mbwa bila glavu, au anayemwacha mtoto alale naye usiku huo, anajiweka katika hatari hiyo hiyo. Na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kunyunyizia mboga au mahindi isimguse mbwa hata tone, liwe kundi lolote. Kuuzwa katika duka moja hakuifanyi kuwa dawa ya mnyama.

Paka ndiye anayesahaulika

Wakenya tunalijua ua la pareto. Kwa miaka mingi wakulima wa Molo na kwingineko Nakuru, Nyandarua na Kisii wamelikuza, na nchi hii iliwahi kuongoza ulimwenguni kwa zao hilo. Wanasayansi waliiga sumu ya ua hilo wakatengeneza permetrini, sipermetrini na dada zake, ambazo leo zimo katika dawa za kuogesha, shampuu, mikanda ya shingoni na matone ya kuweka mgongoni mwa mbwa. Kwa kipimo sahihi mbwa huzivumilia vizuri.

Paka hazivumilii. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja permetrini, na tone lililokusudiwa mbwa mkubwa linaweza kumtia degedege na kumuua. Si lazima apakwe yeye. Kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda si mrefu, au kumlamba, kunatosha. Ukitumia dawa hiyo watenganishe kwa angalau siku 3. Maji ya kuogeshea nayo yasimwagwe mtoni wala karibu na mizinga, kwani dawa za jamii hii huua samaki na nyuki kwa kiasi kidogo mno.

Mijini, hasa kwa wanaofuga mbwa ndani ya ua, sasa kuna tembe za kutafuna zinazoua kupe kwa mwezi mmoja, na nyingine kwa wiki 12. Kemikali zake, kama afoksolana na fluralana, ni za jamii iitwayo isoksazolini. Tarehe 20 Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa waliopewa tembe za jamii hii walipata mtetemeko, kuyumba au kifafa. Haikuziondoa sokoni, ilisema bado ni salama kwa mbwa walio wengi, ila daktari aelezwe kwanza kama mbwa amewahi kuwa na kifafa. Kwa maoni yangu, kwa aliye na uwezo wa kuzinunua, tembe inayotolewa na daktari baada ya kumpima mbwa uzito inapunguza makosa mengi ya ndoo. Lakini usinunue tembe ya mbwa mkubwa ukaikata ili itoshe wawili. Hakuna hakika kwamba dawa imesambaa sawasawa katika kila kipande.

Sindano ya ivermektini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa wengi huidunga wenyewe. Ile ya asilimia 1 ya ng'ombe hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Mbwa wa kilo 15 akidungwa mililita 1 atakuwa amepata zaidi ya mara tatu ya kiasi cha ng'ombe kwa kila kilo ya mwili. Na wapo mbwa, hasa wa aina ya Collie na baadhi ya German Shepherd, waliozaliwa na kasoro inayoruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo. Kwao hata kiasi ambacho mbwa mwingine angekivumilia kinaweza kuwapofusha kwa muda, kuwatia usingizi mzito au kuwaua. Kwa macho huwezi kujua ni yupi.

"Nimemwogesha, na bado ana viroboto"

Lalamiko hili ndilo hasa husababisha watu kuongeza dawa. Mbwa ameogeshwa Jumamosi, Jumatano anajikuna tena, na mwenyewe anaamua kuwa dawa ni hafifu. Anarudia, safari hii ikiwa kali zaidi.

Ukweli ni kwamba viroboto unaowaona kwa mbwa ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 5 ya wote walio nyumbani. Waliobaki ni mayai, mabuu na wale walio ndani ya vifuko vyao, wakiwa kwenye vumbi la kibanda, magunia anayolalia, nyufa za sakafu na chini ya viti. Walio kwenye vifuko huweza kungoja wiki nyingi, na dawa haiwafikii kwa urahisi. Kupe wa kahawia naye hutaga kwenye nyufa za kuta. Kwa hiyo kumwogesha mbwa mara mbili kwa wiki ni kumpa sumu mbwa huku wadudu wakizaliana pembeni. Choma magunia ya zamani, fua matandiko kwa maji moto na kuyaanika juani, fagia kibanda kila siku kwa wiki kadhaa, ziba nyufa. Kazi hii haina gharama kubwa, ila inachosha, na sioni njia ya mkato.

Unaponunua dawa, tazama kwanza kama kibandiko kinamtaja mbwa. Kisha tafuta jina la kemikali, kipimo, tarehe ya mwisho ya matumizi na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, inayoanza kwa herufi PCPB. Dawa iliyogawanywa na kutiwa kwenye chupa ya soda ikatae, hata kama bei ni ya kuvutia. Huna njia ya kujua ni nini, na mtoto mwenye kiu hatajua pia. Pima kwa bomba la sindano wala si kwa kifuniko. Vaa glavu, mzuie mbwa asijilambe hadi akauke, na chupa tupu isuuze mara tatu kisha uitoboe ili isije ikawekwa maziwa.

Mbwa akionyesha dalili tulizotaja, mwoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, ukiwa umevaa glavu. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kupikia, jinsi wengi walivyozoea. Mbwa anayeyumba hupaliwa kwa urahisi, na mafuta huweza kuharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini. Usimtapishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na chupa yenyewe, kwa sababu tiba hutegemea kemikali: atropini husaidia kwa zile za kundi la diazinoni na karbarili, lakini amitrazi ina dawa yake tofauti. Ikiwa ni mtoto au mtu mzima aliyeguswa na dawa na anajisikia vibaya, nendeni hospitalini, na chupa mwende nayo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti huduma za mifugo, udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Hivyo huhitaji kuwa na ng'ombe ndipo ufike katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako. Mwenye mbwa mmoja wa kulinda boma ana haki ya kuuliza sawa na mwenye kundi, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika wadi yako unaweza kumwonyesha afisa dawa unayotumia kabla hujaifungua.