Uimara wa Rangi ya Gari Jipya na Kinga Dhidi ya Mimeguko ya Mawe: Ufafanuzi wa Dhana na Istilahi katika Muktadha wa Kigali

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi rangi ya gari jipya inavyoundwa, jinsi inavyoharibiwa na mawe, jua na vumbi katika mazingira ya Kigali, na tofauti iliyopo baina ya bidhaa zinazouzwa kwa jina moja la "kinga ya rangi". Hoja inayotetewa ni kwamba jina hilo limebeba dhana tatu zisizofanana, na kwamba mkanganyo huo humgharimu mnunuzi fedha na kumnyima fundi lugha ya kumweleza mteja wake ukweli.

Utangulizi

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 2018, kampuni ya Volkswagen ilizindua kiwanda chake cha kuunganisha magari katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali. Matukio haya mawili hayana uhusiano wa moja kwa moja, lakini yanakutana katika karakana. Gari jipya linahitaji maelezo, na maelezo yanahitaji lugha ambayo muuzaji, mnunuzi na fundi wanaielewa kwa namna moja.

Mtindo uliotumika mwanzoni Kigali ulikuwa wa kuunganisha magari yanayofika yakiwa yamekamilika nusu. Kwa mtindo huo, bodi hufika ikiwa imekwisha kupakwa rangi katika kiwanda mama. Magari mengine mapya hupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,400, na baadhi ya magari hayabebwi juu ya malori bali huendeshwa kwa magurudumu yake yenyewe. Watanzania huyaita "magari ya IT". Kwa hiyo gari linaweza kuandikwa "jipya" katika hati zote ilhali boneti yake imekwisha kupokea mawe ya njia nzima.

Matabaka ya rangi ya kiwandani

Tunaposema "rangi ya gari" tunataja kitu kimoja, lakini juu ya bati kuna matabaka manne au matano. Bati lenyewe mara nyingi huwa limefunikwa kwa zinki. Juu yake huwekwa tabaka jembamba la fosfeti ambalo kazi yake ni kuyashikisha yatakayofuata. Kisha bodi nzima huzamishwa katika birika la rangi iliyochanganywa na maji, umeme ukapitishwa, bodi yenyewe ikiwa ncha hasi. Rangi huvutwa na umeme hadi ndani ya mashimo na mikunjo ambamo bomba la kupulizia halifiki. Mbinu hii ilianza kutumika kwenye bodi za magari katika miaka ya 1960, na ndiyo sababu kubwa ya magari ya leo kutoliwa na kutu upesi kama ya mababu zetu.

Baada ya hapo huja praima, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho vanishi isiyo na rangi. Praima ndiyo inayotuhusu zaidi hapa. Haikusudiwi kupendeza macho. Imeundwa iwe na unyumbufu kiasi, ili jiwe likigonga, sehemu ya nguvu yake imezwe kabla ya kufika chini. Viwanda kadhaa siku hizi vimeiondoa hatua hii na kuyapa matabaka mengine kazi yake, jambo linalopunguza nishati na gharama.

Yote haya kwa pamoja hayazidi sana unene wa mikromita 100 hadi 140, yaani takriban unene wa karatasi moja ya kuandikia. Mwandishi wa makala hii ameona wanunuzi wakishtuka wanapoambiwa hivyo. Wengi hudhani kwamba rangi ya gari ina unene kama ganda la yai, kumbe hata nusu yake haifiki.

Unene huo mdogo una faida moja kwa mnunuzi: unapimika. Kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, kinachofanya kazi kwa sumaku au kwa mkondo wa umeme, hutoa jibu papo hapo. Paneli ikisoma 120 na jirani yake ikisoma 280, ile ya pili imepulizwa rangi upya. Ikisoma maelfu, chini yake kuna puti. Anayepokea gari lililosafiri nchi kavu angefaa kuomba kipimo hiki kabla hajatia saini.

Jiwe linapogonga

Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi. Tuchukue kokoto ya gramu 2, kubwa kidogo kuliko njegere. Gari likiigonga kwa kilomita 40 kwa saa, nishati yake ni kama jouli 0.12. Kwa kilomita 80 kwa saa ni kama jouli 0.5, yaani mara nne. Kokoto hiyohiyo ikiwa imerushwa na lori linalokuja, nayo ikielekea kwetu kwa kilomita 60 kwa saa, kasi ya mgongano huwa 140 na nishati huvuka jouli 1.5. Jouli moja na nusu ni kidogo mno kwa mwili wa binadamu, lakini hapa yote huangukia eneo la ncha ya sindano, juu ya kitu chenye unene wa karatasi.

Ndiyo maana viwanda haviachi jambo hili kwa bahati. Vipande vya bati vilivyopakwa rangi hutupiwa changarawe au chembe za chuma kwa hewa iliyobanwa, kisha majeraha hulinganishwa na picha za viwango. Viwango vya SAE J400 na ISO 20567 vinahusu upimaji huo. Baridi kali huifanya rangi iwe rahisi kumeguka, na hapa Kigali ina bahati: joto lake halishuki kufikia hali hiyo, wala hakuna chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Vilevile hatuna upepo wa bahari. Jeraha lililofika kwenye chuma mjini Zanzibar au Mombasa litaota kutu mapema kuliko jeraha kama hilo Nyamirambo. Hata hivyo misimu yetu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, inatosha kuianzisha kutu hiyo, au *ingese* kama Wanyarwanda wanavyoiita. Kutu ikianza haibaki pale jeraha lilipo. Husafiri chini ya rangi, kwa sababu mabadiliko ya kikemikali yanayoambatana nayo huzalisha alkali inayoiachanisha rangi na bati.

Kina cha jeraha husomwa kwa rangi yake. Doa la kijivu au jeupe lililo laini humaanisha kuwa jiwe liliishia kwenye praima, na hakuna haraka. Doa linalong'aa kama chuma humaanisha kwamba matabaka yote yametoboka. Kwenye bampa hofu hiyo haipo, maana bampa nyingi ni za plastiki.

Jua, vumbi na ndege

Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na zaidi. Hewa yake ni ya kupendeza, na kwa hiyo watu husahau kuwa mionzi ya urujuanimno huongezeka kadiri tunavyopanda juu, jua likiwa kali au la kuwashukia kwa upole. Vanishi huchanganywa na dawa za kuifyonza mionzi hiyo, lakini dawa hizo huisha polepole. Zikiisha, vanishi hufifia, hupasuka, kisha hubabuka.

Kiswahili hapa hakina upungufu wowote. Rangi *hukwaruzwa* na mchanga, *humeguka* kwa jiwe, na *hubabuka* kwa jua kama ngozi iliyoungua. Vitenzi hivi vitatu vinataja uharibifu wa aina tatu wenye visababishi vitatu, na fundi anayevitumia kwa usahihi amekwisha kutoa nusu ya uchunguzi wake.

Kukwaruzwa kwenyewe mara nyingi hutokana na mikono ya mwenye gari. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huwa na chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko vanishi yoyote. Anayelipangusa kwa kitambaa kikavu analipiga gari lake msasa. Kwenye *ikinamba*, kama kiosho cha magari kinavyoitwa mjini Kigali, lililo muhimu ni maji mengi yatangulie kabla kitambaa hakijagusa bodi. Kinyesi cha ndege nacho kisisubiri Jumamosi: kina asidi, na jua la mchana likiilainisha vanishi, alama hubaki humo.

Neno moja, dhana tatu

Sasa tufike kwenye biashara. Mnunuzi huambiwa kuwa gari lake "litawekewa kinga". Kinga ipi?

Ya kwanza ni nta. Huleta mng'ao na kuyatiririsha maji, na hudumu kwa majuma au miezi michache. Ya pili ni mpako wa seramiki, ambao kiini chake ni silika. Ukikauka hushikamana na vanishi, hustahimili sabuni na uchafu kwa muda mrefu zaidi, na kazi ya kuosha huwa nyepesi. Unene wake lakini ni mikromita moja au mbili hivi. Kokoto iliyoyashinda matabaka ya mikromita 120 haitazuiwa na nyongeza ya mbili.

Mpako huu hunadiwa kwa alama ya "9H", nayo imewapoteza wengi. Wanunuzi huilinganisha na kipimo cha ugumu wa madini, ambamo almasi ni 10. Sivyo. Herufi H hapa ni ya penseli. Upimaji wake ni kuburuza juu ya rangi penseli zenye ugumu unaozidi kupanda, na 9H ndiyo penseli ngumu kabisa katika seti. Kipimo hicho husema kama penseli ilikwaruza au haikukwaruza. Hakisemi lolote kuhusu kishindo cha jiwe. Kitu kigumu sana na chembamba, kama kioo, ndicho kinachopasuka kwa urahisi.

Ya tatu ni utando wa poliurethani, ambao huonekana kama ngozi angavu iliyogandishwa juu ya boneti, bampa na ncha za milango. Unene wake ni mikromita 150 hadi 200, kwa hiyo unazidi rangi yote iliyo chini yake, na ni laini. Asili yake ni ya kijeshi: wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilihitaji kulinda mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga. Ulaini huo ndio unaoifanya kazi, kwa kuwa jiwe huzama kidogo na nguvu yake husambaa. Kati ya bidhaa tatu hizi, ni huu peke yake unaostahili kuitwa kinga dhidi ya mimeguko. Pia ndio ghali kuliko zote, na baada ya miaka kadhaa hulazimu kubanduliwa.

Tunapendekeza basi kwamba hati za mauzo zitaje *nta*, *mpako wa seramiki* na *utando wa kinga* kwa majina yake, na neno "kinga" lisisimame peke yake bila kusema kinga dhidi ya nini. Anayesafiri kati ya Kimihurura na mjini tu huenda asihitaji utando kamwe. Anayeifuata barabara ya Rusumo kila wiki nyuma ya malori atafanya vyema kuuweka upande wa mbele pekee, na kuacha nafasi ndefu kati yake na lori, kinga isiyouzwa popote.

Jeraha likishatokea

Rangi ya kiwandani ikishapotea hairudi. Matabaka ya awali huokwa bodi ikiwa tupu, kwa joto linalofikia nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi. Gari lililokamilika lina nyaya, mipira na plastiki zisizoweza kuvumilia joto hilo, kwa hiyo fundi hutumia rangi yenye kigumushi, inayokauka kwa nyuzi 60 hivi au katika hewa ya kawaida. Kazi yake inaweza kuwa nzuri, lakini tabaka la birika halimo. Hii ndiyo sababu mmeguko mdogo uzibwe kwa brashi kabla ya mvua, badala ya kuipuliza boneti nzima: osha, ondoa mafuta, kwangua kutu yote, weka praima ya epoksi, kisha rangi ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari, na vanishi juu.

Kigumushi hicho kina isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mpulizaji pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Kinachofaa ni kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi kutoka nje ya chumba cha kupulizia, na onyo hilo sharti liandikwe kwenye kopo kwa lugha anayoisoma fundi.