Binadamu wa kale hakuhama Afrika, alienea

JUZI nikiwa ndani ya matatu kutoka Kitengela kwenda Kajiado mjini, niliketi nyuma ya wanafunzi wawili wa sekondari. Mmoja alikuwa akisoma daftari lake la historia kwa sauti: "Binadamu wa kisasa alihama Afrika akahamia Ulaya." Mwenzake akamkatiza: "Kama walihama, sisi nasi tulitoka wapi?" Wakacheka, wakaendelea na yao. Mimi swali hilo nilishuka nalo Kajiado.

Tatizo liko katika kitenzi. Kuhama ni kuondoka mahali na kupaacha. Mpangaji akihama, nyumba hubaki tupu na mwenyewe hubandika tangazo getini. Kuhamia, katika kauli ya kutendea, hutazama upande wa pili: mahali mtu anapofikia. Basi sentensi ya daftari inadokeza kwamba Afrika iliachwa tupu. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Ushahidi hauko mbali. Ukifuata barabara ya Magadi, takriban kilomita 70 kutoka Nairobi, utafika Olorgesailie, papa hapa Kaunti ya Kajiado. Louis na Mary Leakey walichimba huko miaka ya 1940, na tangu 1985 kazi imeendelezwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Kwa mamia ya maelfu ya miaka, watu wa huko walitumia mashoka ya mkono, yaani mawe makubwa yaliyochongwa pande mbili. Kisha, kufikia miaka 320,000 iliyopita, zana zimebadilika: ni ndogo, nyembamba, nyingine zina ncha za kufungwa kwenye mpini. Baadhi ni za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa, na jiwe hilo lilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Huenda watu hao walikuwa na majirani wa mbali waliobadilishana nao vitu.

Sasa linganisha na Ulaya. Katika pango la Bacho Kiro, nchini Bulgaria, mifupa ya binadamu wa aina yetu, iliyopatikana pamoja na zana za mawe, ina umri wa takriban miaka 45,000. Asili yao ni Afrika, lakini walikuwa sehemu tu ya watu wake. Wengi walibaki. Ulaya nayo haikuwa tupu, waliwakuta Waneanderthali. Kitenzi kinachofaa hapa ni kuenea. Maji ya mto huenea mbugani na chemchemi isikauke.

Msomaji ataniambia, "Profesa, hayo ni maneno tu." La hasha! Hapa Kajiado vitenzi hivi vina uzito wa ardhi. Mmaasai huitwa mhamaji, lakini kwa desturi yeye huhamahama. Uradidi huo wa shina hubadili maana: mfugaji huifuata mvua, kisha hurudi. Malisho aliyoyaacha si ardhi isiyo na mwenyewe. Yamepumzishwa.

Tazama pia historia ya karibu. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwatoa Wamaasai kwanza Naivasha, kisha Laikipia, ikawasukuma kusini. Ukiandika kwamba "walihama", umemfuta aliyewaondoa. Walihamishwa. Mnyambuliko wa kitenzi unarudisha mkono uliofichwa.

Na sisi tulionunua ploti Kitengela, tukajenga na kuzungusha ua? Sisi ni wahamiaji. Neno hilo si tusi. Linatukumbusha tu kwamba tulifika mahali palipokuwa na watu, mifugo na njia za wanyamapori kutoka Mbuga ya Nairobi.

Kwa hivyo, mwanafunzi wangu wa matatu, swali lako lilikuwa zuri kuliko daftari. Sisi, kwa sehemu kubwa, ni wazao wa wale waliobaki Afrika. Futa sentensi ile, uandike hivi: "Binadamu wa kisasa alianzia Afrika, akaenea hadi Ulaya." Mwalimu akikuuliza sababu, mwambie kwamba nyumba haikubaki tupu.