Kiyoyozi cha gari kikinuka, usikimbilie manukato

UMEINGIA ndani ya gari asubuhi, ukafunga madirisha na kuwasha kiyoyozi. Badala ya hewa safi unapigwa na harufu kama ya soksi zilizolala majini. Wengi wetu hukimbilia kununua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Harufu hufunikwa, lakini kilichoileta kinabaki pale pale, nawe na watoto wako mnaendelea kukivuta.

Mara nyingi chanzo ni kuvu. Nyuma ya dashibodi kuna kipozeo cha alumini ambacho hewa hupitia kabla ya kukufikia. Kwa kuwa ni baridi, unyevu wa hewani hugeuka matone juu yake, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji hayo hutoka kwa mpira mdogo chini ya gari. Ndiyo maana gari lililosimama huku kiyoyozi kikiwaka huacha kidimbwi. Usishtuke, ni maji tu. La kutia shaka ni pale ambapo hakuna tone hata moja, hasa Mombasa kwenye unyevu mwingi, na zulia la upande wa abiria limelowa. Huenda mpira umezibwa na uchafu, na kipozeo hakikauki usiku wala mchana. Kuvu haihitaji zaidi ya hayo.

Kwa mwenye afya huenda ikawa ni kupiga chafya tu. Kwa mwenye pumu au mzio, kuvu hiyo yaweza kumletea kikohozi na kubanwa na kifua. Mwangalie mtoto wako: akikohoa kila mnapowasha kiyoyozi na kutulia mkishuka, mweleze daktari. Hawezi kulijua usipolisema, na dawa ya pumu haisafishi gari.

Anza na filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, na waweza kuitoa bila spana. Ibadilishe kila kilomita 15,000 hivi au kila mwaka; ukipita barabara za vumbi, usingoje. Kuipigapiga ukutani ni kujidanganya. Kisha mwombe fundi azibue mpira na asafishe kipozeo kwa dawa ya povu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, milango ikiwa wazi nanyi mkiwa nje. Tangu hapo, zima baridi dakika chache kabla ya kufika nyumbani, lakini acha feni izunguke ili kipozeo kikauke.

Harufu ya sukari, pamoja na kioo kushika ukungu wenye utelezi, ni ugonjwa mwingine: maji ya rejeta yanavujia ndani. Ukisikia moshi wa ekzosi, fungua madirisha, simama na utafute fundi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na harufu yake, nayo huua.

Na kama kiyoyozi hakitoi baridi? Mafundi wengi watakuambia "ni gesi tu". Gesi haiishi kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, imevuja. Anayekuongezea bila kutafuta tundu atakuona tena, na mfuko wako pia. Magari mengi tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia R-134a, mapya mengi R-1234yf, na hizo hazichanganywi. Soma kibandiko chini ya boneti. Gesi ya kupikia usiikubali hata kwa bei ya bure: inawaka upesi, na bomba likitoboka nyuma ya dashibodi itajaa mlimoketi.

Kuna pia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Hicho kinafaa ukiwa kwenye foleni nyuma ya lori linalofuka moshi. Lakini ukikiacha njia nzima kutoka Nairobi hadi Mombasa, mtavuta pumzi zenu wenyewe, na dereva ataanza kusinzia kabla ya Voi. Lori likishakupita, kizime.