Je, Wajua? Ndege wa Kabatini

Je, wajua kwamba yule kunguru wa Dar es Salaam na Mombasa, anayempokonya mtoto andazi mchana kweupe, kisayansi anaitwa Corvus splendens, yaani "kunguru mng'aavu"? Mfaransa Vieillot alimpa jina hilo mwaka 1817 kutokana na kunguru wa Bengal, miongo mingi kabla hajaletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka. Taka alizila. Akala na mayai ya ndege wengine, na vifaranga vyao, na vya majirani. Jina lakini halibatilishwi kwa sababu ya tabia mbaya.

Ndiyo sheria yenyewe: jina la kwanza kuchapishwa kwa utaratibu unaokubalika ndilo hushinda, hata likiwa la uongo. Kwa wanyama, hesabu huanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Mswidi Carl Linnaeus, Systema Naturae. Aliyetoa jina kabla ya hapo, kazi yake imepotea bure.

Je, wajua kwamba Linnaeus huyohuyo alimbandika ndege mmoja wa peponi jina la Paradisaea apoda, "asiye na miguu"? Ngozi zilizofika Ulaya kutoka pande za New Guinea zilikuwa zimekatwa miguu na waliozitayarisha kwa biashara. Wazungu wakasimuliana kwamba ndege huyu hatui kamwe, huelea angani hadi siku ya kufa. Miguu anayo, tena imara. Jina limebaki vilevile mpaka leo.

Na bata mzinga? Si bata, na mzinga hana. Jamaa zake ni kuku na kwale. Kilatini nacho hakikumtendea haki: anaitwa Meleagris gallopavo, na meleagris kwa Kigiriki cha kale alikuwa kanga. Kanga mwenyewe, yule wa madoadoa aliyezipa jina leso za mama zetu, ni Numida meleagris. Kwa hiyo ndege wa Marekani anatembea na jina la ndege wa Afrika, nasi huku tukamwongezea la bata.

Mdiria mkubwa wa Australia, kookaburra, anaitwa Dacelo novaeguineae, "wa New Guinea". New Guinea hayupo. Dacelo nalo ni Alcedo, jina la Kilatini la mdiria, lililovurugwa herufi kama karata.

Je, wajua maana ya mabano yanayofuata baadhi ya majina? Shomoro wa nyumbani huandikwa Passer domesticus (Linnaeus, 1758). Mabano yanakuambia kwamba Linnaeus alimweka katika jenasi nyingine, wengine wakamhamisha baadaye. Yasingekuwepo, ungejua hajahama.

Na wanahamishwa kweli. Kozi, kwa makucha yake na mdomo wake wa ndoana, uchunguzi wa DNA umemtoa kwenye ukoo wa tai na mwewe na kumweka karibu na kasuku. Heroe wa Ziwa Natron, mwenye miguu kama fito, ndugu yake wa karibu ni kibisi, yule mfupi anayepiga mbizi mabwawani. Dodo wa Mauritius, aliyetoweka karne ya 17, alikuwa njiwa. Mwaka 2002 wataalamu walilithibitisha hilo kwa DNA ya mabaki yaliyohifadhiwa Oxford.

Hapo sasa tunaingia makumbusho. Usifikirie ndege waliosimama nyuma ya kioo wakikukodolea macho ya gololi. Hazina yenyewe imo kwenye droo za nyuma: ngozi zilizojazwa pamba, zimelazwa chali kwa safu, kila mguu umefungwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyekusanya. Ukikiondoa kikaratasi hicho, iliyobaki ni pambo tu. Mwaka 2009 kijana aliyesomea muziki aliingia usiku kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 ili auze manyoya kwa wanaosuka chambo za kuvulia samaki. Nyingi zilipatikana, lakini kuna zilizorudi bila vikaratasi vyake. Kwa mtaalamu, hizo ni kama hazikurudi.

Je, wajua kwamba mayai ya makabatini yaliwahi kutoa ushahidi dhidi ya dawa ya wadudu? Mwingereza Derek Ratcliffe alilinganisha mayai ya kozi ya zamani na ya karibuni, na mwaka 1967 akatangaza kwamba maganda yalikuwa yamekonda ghafla tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati DDT ilipoanza kumwagwa mashambani. Waliokusanya mayai hayo wengi walikuwa watu wa kujifurahisha tu. Hawakujua wanaweka kumbukumbu ya mtu mwingine.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha unyoya. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, akiwa Ituri, Kongo, aliona kwenye kofia ya mwenyeji unyoya wa mabaka asioweza kuuhusisha na ndege yeyote anayemjua. Akauchukua. Akakaa nao miaka 23. Mwaka 1936 alipita makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, kwa shughuli nyingine, akaona juu ya kabati ndege wawili waliojazwa, wamesahaulika, lebo ikisema ni tausi wachanga wa India. Manyoya ya jike yakafanana na ule unyoya wake. Mwaka huohuo akamtangaza Afropavo congensis, tausi wa Kongo, ndege ambaye hapatikani porini nje ya nchi hiyo. Lebo ilikuwa ya uongo, ngozi ikasema kweli.

Je, wajua kwamba kuna ndege aliyepewa jina kwa bawa moja? Mwaka 1990, uwanda wa Nechisar, Ethiopia, watafiti walikuta barabarani mabaki ya ndege wa usiku, wa jamii ile inayolala njiani hadi taa za gari ziifikie. Kilichofaa kuchukuliwa ni bawa tu. Mwaka 1995 akaitwa Caprimulgus solala. Solala maana yake ni "bawa tu". Caprimulgus ni "mkama mbuzi", kwa kuwa watu wa kale waliamini ndege hawa hunyonya mbuzi usiku. Mbuzi hawajaulizwa.

Wapo waliokataa kuua ndege ili wampe jina. Somalia, mwaka 1988, alionekana ndege wa jamii ya tiva asiyefanana na wengine. Akanaswa, akafugwa, akatolewa damu na manyoya machache, kisha akaachiliwa. Jina lake likawa Laniarius liberatus, "aliyewekwa huru". Nilifurahi niliposoma. Lakini mwaka 2008 DNA ikaonyesha kwamba hakuwa spishi mpya, ni tiva aliyejulikana tayari, ila mwenye rangi tofauti.

Tumalizie nyumbani. Mwaka 1991, katika msitu wa Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria kambini, na miguu ile hawakuitambua. Mwaka 1994 ndege huyo akachapishwa kwa jina la Xenoperdix udzungwensis: si spishi mpya tu, ni jenasi mpya, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Wa milima ya Rubeho akafuata mwaka 2003. Wapo wanaomhesabu spishi kamili na wapo wanaokataa. Xenoperdix maana yake ni "kwale mgeni". Mgeni kwa nani, ikiwa tayari alikuwa jikoni?

Ngozi ya kielelezo, ile iliyobeba jina, imehifadhiwa Copenhagen. Mtanzania anayetaka kumlinganisha kwale wa Udzungwa na yule wa kwanza aanze kwa kuomba viza.